Kadi Iliyosimamisha Laini

Kila siku ya kazi, saa kumi na moja jioni ilipokaribia, Kipimo aliweka beseni la maji ya vuguvugu kando ya kiti cha mbao sebuleni, akakunja taulo mara nne, akaliweka juu ya kiti. Kisha alifungua mlango na kusikiliza. Mama alikuwa na mwendo wake: hatua mbili, kituo, hatua mbili, kituo, kama mtu anayepanda ngazi hata pale njia ilipokuwa tambarare.

Kipimo alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alibandikwa na wenzake darasa la tatu, kwa kuwa hakuweza kupiga mstari hata mmoja bila rula. Nyumbani nako aliwahi kuupima mkate kwa sentimita kabla ya kuukata, mtu yeyote asije akalalamika. Baba yake, dereva wa lori la masafa marefu, alirudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa ya watu wawili.

Mama aliingia, akavua viatu, akaketi, akatumbukiza mikono yote miwili ndani ya beseni. Vidole gumba vyake vilikuwa vimevimba.

"Milango mingapi leo, Mama?"

"Mia tano na ushei. Usinihesabishe, mwanangu, nimehesabu kutwa nzima."

Mama alifanya kazi katika kiwanda cha kuunganisha magari, upande wa milango. Magari ambayo hayajakamilika yalipita mbele ya wafanyakazi juu ya mkanda uliotambaa polepole bila kupumzika. Mkanda huo waliuita laini. Kila mlango ulipomfikia, Mama aliufunika kwa ubao wake wa ndani na kuukaza kwa vibanio vinane vya plastiki, kila kimoja kikilia tak! chini ya kidole gumba. Zamani alikuwa na sekunde sabini kwa kila mlango. Sasa zilikuwa hamsini na tano.

"Walianza kwa kupunguza mizigo stoo," Mama alisema, macho yamefumbwa. "Wakaja wakapunguza hatua zetu. Wakasema mtu asitembee kufuata kitu, kitu kimfuate mtu. Hilo nililipenda, sikatai. Mwaka huu wamepunguza sekunde. Mwakani sijui watapunguza nini, labda pumzi."

"Watapunguza mazungumzo."

"Hayo yalikwisha zamani!" Mama alicheka kidogo, kisha akaacha, kana kwamba hata kicheko kilikuwa na uzito.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Mama alipolala kidogo kabla ya chakula, Kipimo alichukua aproni yake ya kazini ili aifue. Aproni zilikuwa mbili, moja ikifuliwa, nyingine ikivaliwa. Kwanza alipekua mifuko, kama alivyofundishwa. Kwa kawaida alikuta vibanio vilivyovunjika, vipande vya uzi na karatasi za peremende. "Vya mfukoni vyote ni takataka," Mama alikuwa amemwambia tangu mwanzo. "Tupa."

Mara hii alikuta kadi. Ilikuwa ya plastiki ngumu, ya manjano, ndefu kama kiganja cha mtu mzima, na pembeni ilikuwa na tundu. Juu yake palikuwa na picha ndogo ya kibanio na namba arobaini na saba. Kipimo aliinyanyua usawa wa jicho. Ukingo wake ulikuwa umenyooka bila kasoro yoyote. Rula yake ilikuwa imevunjika wiki iliyopita, na kwa siku nne alikuwa akipiga mistari kwa kutumia mgongo wa daftari, jambo lililomnyima raha kabisa. Takataka nzuri namna hii, akawaza, haitupwi. Akaitia mkobani.

Kesho yake, Jumanne, katika kipindi cha hisabati, aliazima rula ya jirani yake wa dawati. Kwa kalamu ya wino usiofutika alianza kuhamishia alama zake kwenye ukingo wa kadi, moja baada ya nyingine. Jirani huyo aliitwa Redio, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kumzima.

"We, hiyo si kadi ya kiwandani?" Redio alinong'ona kwa sauti iliyofika dirishani. "Kaka yangu anazo kazini kwake. Ina namba, ona."

"Imetupwa hii. Ilikuwa kwenye takataka."

"Takataka inang'aa hivyo? Basi nami nitafutie."

"Nyamaza, nimefika sentimita ya saba."

Mwalimu aligeuka, na Redio akajifanya anakohoa.

Jioni hiyo maji ya beseni yalipoa kabla Mama hajafika. Alifika karibu saa moja. Hakuvua viatu, alikaa tu akiegemea ukuta.

"Laini ilisimama," alisema. "Dakika arobaini. Kiwanda kizima, Kipimo. Watu mia tatu wamesimama wanatazamana, na wote wanaitazama meza yangu. Kisha tukazifidia dakika hizo mwisho wa zamu."

"Ilisimama kwa nini?"

"Vibanio viliisha. Kadi imepotea."

"Kadi gani?"

Mama alieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza jambo lile lile mara nyingi kutwa. Mezani kwake hukaa masanduku mawili ya vibanio, na kila sanduku lina kadi yake ya manjano. Sanduku moja likiisha, kadi yake hutiwa katika kijisanduku cha ukutani. Mzee wa Stoo, jirani yao, hupita na mkokoteni, huzikusanya kadi, na idadi ya kadi ndiyo inayomwambia muuzaji alete masanduku mangapi. Pasipo kadi, lori halileti kitu. Na stooni hapawekwi akiba, hata sanduku moja, maana huo ndio utaratibu: kisichohitajika leo kisikae leo.

"Mzee wa Stoo anasema hakuiona," Mama aliendelea. "Mimi nimeandika na kutia sahihi kwamba jana, sanduku lilipoisha, niliitia kadi ukutani. Nimefanya hivyo miaka sita, mkono unakwenda wenyewe. Basi wamesema ameipoteza yeye. Meneja anataka kadi ziondoke, yaletwe mambo mapya ya mitambo, na Mzee ndiye aliyekuwa akizitetea. Sasa wamepata la kumshikia. Wamemwambia akae nyumbani hadi kikao cha Ijumaa. Kikimkuta na kosa, hatarudi tena."

Mkoba wa shule ulikuwa umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, hatua tatu kutoka alipokaa Mama. Kipimo aliutazama, kisha akatazama sakafu.

"Na mtu akikutwa ameitoa kadi nje ya kiwanda?" aliuliza.

"Hilo ni kosa kubwa. Ni mali ya kazi." Mama alipangusa uso. "Mbona hujala?"

Usiku huo hakusema neno. Jumatano asubuhi aliamka kabla ya Mama, akaenda nyuma ya nyumba na kuisugua kadi kwa sabuni, kisha kwa mchanga. Alama za sentimita zilibaki vile vile, nyeusi, zimepangika vizuri kuliko alama zozote alizowahi kuchora. Aliirudisha kadi mkobani. Shuleni hakuitoa, na mistari yake siku hiyo ilipinda. Mwalimu alimuuliza kama anaumwa.

Alhamisi, akirudi kutoka shule, alipita nyumbani kwa Mzee wa Stoo, nyumba ya nne kutoka kwao. Mzee alikuwa ameketi kwenye kizingiti, amevaa koti lake la kazi la rangi ya kijivu, lenye kalamu mfukoni. Mbele yake palikuwa na kopo lililojaa misumari, parafujo na vifungo, naye alikuwa akivitenganisha kimoja kimoja.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo unisaidie. Mikono imezoea kupanga, ikikosa cha kupanga inatetemeka."

Kipimo aliuweka mkoba chini, akachutama. Walipanga misumari kwa muda. Hatimaye Kipimo aliuliza kama zamani pia kadi zilikuwako.

"Zamani!" Mzee alitikisa kichwa. "Nilipoanza kazi, stoo ilijaa hadi darini. Mtu akitaka kitasa, unapanda ngazi nusu saa. Vitu vililala humo hadi vikaota kutu, halafu tunavitupa na kununua vingine. Kadi zilipokuja nilinung'unika kuliko wote. Baadaye nikaona: stoo imekuwa nyeupe, unapita bila kujigonga. Kadi ilikuwa inasema kweli. Kilichotumika ndicho kinacholetwa."

"Na hayo mambo mapya ya mitambo?"

"Yatakuja, na pengine ni mazuri. Sikuwa napinga. Nilikuwa nasema tu, tusiende mbio hadi tukasahau kuangalia nyuma." Alinyanyua parafujo, akaitazama, akaiweka kwenye fungu la misumari. Aligundua kosa lake, akaitoa upesi na kuishika kiganjani. Sauti yake ilishuka. "Unaona? Siku mbili hizi nimeipitia Jumatatu yote kichwani, meza kwa meza. Nakumbuka kadi zote isipokuwa hiyo moja. Mama yako si mwongo. Akisema aliitia, aliitia. Basi tatizo liko hapa." Akagusa paji la uso wake. "Baba yangu naye alianza hivi hivi, kusahau vitu vidogo. Labda ni haki yangu kupumzika. Ninachoogopa ni kwamba nimeanza kupotea mwenyewe."

Kipimo alisimama ghafla, misumari ikamwagika. Aliiokota kwa haraka, akaaga, akaondoka. Mkoba ulimgonga mgongoni njia nzima, mwepesi kama kawaida, lakini aliuhisi kama umejazwa mawe.

Mama alipofika, beseni lilikuwa mahali pake, na juu ya taulo lililokunjwa mara nne palikuwa na kadi ya manjano.

Mama aliiona kabla ya kuketi. Aliinyanyua, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye alama za sentimita. Kipimo alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma.

"Ilikuwa mfukoni mwa aproni, Mama. Jumatatu. Nilidhani ni takataka. Rula yangu ilikuwa imevunjika." Machozi yalianza. "Jumanne nilijua. Uliposimulia tu, nilijua. Nikaogopa kwamba utafukuzwa wewe. Lakini Babu anadhani amepoteza akili. Anatenganisha misumari na anadhani ana ugonjwa."

Mama aliketi pole pole, kadi ikiwa pajani. Maji yalikuwa yakitoa mvuke hafifu na hakuna aliyeyagusa.

"Lilikuwa sanduku la mwisho kuisha siku ile," alisema mwishowe, kana kwamba anajisimulia mwenyewe. "Mkokoteni ulikuwa umeshapita. King'ora kikalia. Nikasema nitaitia asubuhi, nikaiweka mfukoni. Asubuhi nikavaa aproni ile nyingine." Alifunika macho kwa kiganja. "Nami nikatia sahihi. Nilikuwa nimechoka hivi kwamba nikakumbuka nilichozoea kufanya, si nilichofanya."

"Utafukuzwa?"

"Sijui." Alimvuta bintiye karibu, akamkalisha kwenye mkono wa kiti, ulioguna. "Kesho tutakwenda wote. Nitamwambia mwalimu wako utachelewa."

Ijumaa asubuhi, kabla ya king'ora cha kwanza, walisimama katika chumba kidogo cha mlinzi kwenye lango la kiwanda. Mtoto haruhusiwi kupita hapo. Msimamizi wa upande wa milango, mwanamke mwembamba aliyechomeka kalamu sikioni, alitoka kuja kuwasikiliza. Mzee wa Stoo, aliyekuja mapema kwa ajili ya kikao, alikaa kwenye benchi, koti lake limepigwa pasi.

Mama aliweka kadi mezani. Alisema yote, bila kupunguza. Kipimo naye alisema yake.

Mzee alikuwa akiitazama kadi. Alivuta pumzi ndefu, akaiachia taratibu, mabega yakashuka. "Kumbe," alisema. Kisha akasema tena, "Kumbe!" na akacheka peke yake hadi macho yakamlowa.

Msimamizi aliigeuza kadi. "Nani aliyechora hizi sentimita?"

"Mimi, shikamoo," Kipimo alijibu.

"Marahaba. Zimenyooka kuliko za mafundi wangu." Hakutabasamu, lakini aliketi na kuchukua kalamu sikioni. Uso wake ulikuwa na uchovu ule ule wa Mama. "Kwa nini kadi ilikuwa mfukoni?"

"Mkokoteni ulikuwa umeshapita," Mama alisema.

"Kwa nini mkokoteni ulipita kabla ya zamu kwisha?"

Mzee ndiye aliyejibu. "Zamani nilipita saa kumi kasoro dakika tano. Mwezi uliopita raundi ya mwisho ilisogezwa nyuma hadi kasorobo. Tuliambiwa tunaokoa dakika kumi."

Msimamizi aliacha kuandika. "Niliyesogeza ni mimi," alisema. "Haya. Na Jumanne, uliona nafasi ya sanduku iko tupu. Juu ya meza yako kuna kamba. Mtu akiona kasoro anaivuta, watu wanakuja kumsaidia kabla laini haijasimama. Kwa nini hukuivuta?"

"Kwa sababu siku hizi ukiivuta jina lako linatokea kwenye skrini ukutani," Mama alisema taratibu. "Mwezi uliopita nilivuta mara mbili, nikaitwa ofisini mara mbili. Niliiona nafasi ile tupu, nikasema moyoni, sanduku litakuja. Niliogopa, basi."

Hapo Kipimo aligeuka kumtazama mama yake. Hakuwa amewahi kumsikia akisema ameogopa.

Kikao kilifanyika, lakini hakikuwa kile kilichopangwa. Mzee wa Stoo alirudi kazini asubuhi ile ile. Mama alipewa barua ya onyo kwa kutoa mali ya kazi nje ya lango, na barua hiyo ilibaki katika jalada lake, kwa kuwa kosa lilikuwa kosa. Lakini raundi ya mwisho ya mkokoteni ilirudishwa kwenye saa yake ya zamani, majina yakaondolewa kwenye skrini, na stooni likawekwa sanduku moja la akiba la kila kitu kidogo, moja tu. Meneja aligomba kwamba wanarudi nyuma. Msimamizi alimjibu kwamba sanduku moja linachukua nafasi ya kiti, na dakika arobaini zilichelewesha magari arobaini na matatu.

Miezi miwili baadaye kadi zikaondoka kweli. Chini ya kila sanduku uliwekwa mzani. Uzito ukipungua, taarifa hufika stooni yenyewe, kwenye kishikwambi cha Mzee. Alikibeba kwa mikono miwili kama sinia la chai, lakini alikijua kuliko vijana, na bado alipita meza kwa meza mara moja kila zamu.

"Mzani unajua uzito," aliwaambia waliomcheka. "Haujui kwamba mtu amechoka."

Jioni moja alibisha hodi kwao. Mama alikuwa na mikono katika beseni. Mzee alitoa kadi ya manjano kutoka katika koti lake, namba arobaini na saba, alama za sentimita zote mahali pake, na chini yake barua fupi yenye muhuri wa kiwanda.

"Zimefutwa zote, na hii nimeiombea ruhusa. Sasa ni yako kwa haki, mjukuu wangu. Haisimamishi gari lolote tena."

Kipimo aliipokea kwa mikono miwili, lakini hakuinua uso. "Babu, ningesema Jumanne, usingekaa kizingitini siku mbili."

"Nisingekaa," Mzee alikubali. Hakumfariji upesi, na kimya hicho kilimwingia Kipimo kuliko kemeo.

Mama alitoa mikono majini, akaikausha kwa taulo. "Sikiliza, mwanangu, maana hili nimejifunza pamoja na wewe, na umri wangu huu. Kuichukua kadi hakukuwa kosa lako. Uliitoa mahali nilipokuambia ni pa takataka. Kosa lako lilianza ulipojua ukanyamaza, na langu lilianza nilipoona sanduku halipo nikanyamaza. Sote tuliogopa jambo moja, kwamba tukisema tutaumia. Na tulipokaa kimya, aliyeumia alikuwa mtu mwingine, asiye na hatia. Ukiona umekosea, sema siku hiyo hiyo, likiwa bado dogo. Utaona aibu, ndiyo. Nami niliona aibu pale langoni. Lakini jioni ile nililala usingizi ambao nilikuwa sijaupata wiki nzima."

"Na ukikosa wa kumwambia," Mzee aliongeza akiinuka, "mimi niko nyumba ya nne. Siendi popote. Wamesema bado nina akili."

Alipoondoka, Kipimo alifungua daftari la hisabati kwenye ukurasa mpya. Aliiweka kadi juu ya karatasi, akaibana kwa vidole, akapiga mstari mmoja mrefu. Mama aliutazama kwa mbali.

"Umenyooka?"

"Umenyooka, Mama."

"Basi niletee maji mengine," Mama alisema akiegemea kiti na kufumba macho. "Haya yamepoa."